Uji Ulioungua

Mkwaruzo wa mbuzi ya nazi ulisikika jikoni kabla ya alfajiri. Shangazi Mwanaheri alikuna nazi huku Tunu akimsomea blogu yake kwenye simu. Haikuwa na msomaji hata mmoja, naye alikwisha kuapa kuifuta asubuhi hiyo shangazi asipoipenda.

"Ndugu wasomaji, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Marehemu mama yangu alikuwa mpishi hodari..."

"Huyo ni wifi yangu, au unaomba kazi?"

Tunu aliona haya. "Shangazi, Mama alikuwa akiunguza uji, halafu anatusingizia sisi!"

Shangazi alimsogezea taa. "Andika hivyo hivyo, mwanangu."

Tunu akaandika. Kidole kilisita juu ya kitufe cha kuchapisha, kisha kikabonyeza. Shangazi akarudia kukuna nazi hadi ikaisha. Simu ikalia. Mtu wasiyemjua alikuwa ameandika maoni kwenye blogu: "Kama namwona mama huyo. Kesho nije tena kusoma?"