Maneno Yasiyomuumiza Tunu

Vitabu vya shule siku hizi humjua msomaji wake. Cha Tunu, binti wa miaka kumi na minne, kilipoona anakwama kwenye maneno yanayomuuma moyo, kiliyafuta yote, hata macho yake yakazoea kuyaruka popote yalipoandikwa. Sasa anasoma mfululizo kama maji ya mfereji. Bibi yake, Mwanahawa, alishukuru sana.

Jumamosi moja wakikunja nguo, Bibi alitandaza kanga ya marehemu mama yake Tunu, ile ya zambarau yenye picha za korosho.

"Haya, mke mwenzangu, nisomee jina la kanga hii."

"Radhi ya... ni ngao."

"Na hapo katikati?"

"Hapana kitu, bibi. Pako wazi."

Neno MAMA lilikuwa pale pale, jeusi, kubwa. Bibi akaliwekea kidole. Tunu akakitazama kidole.

Bibi akakohoa, kile kikohozi cha tangu masika kinachomkosesha Tunu usingizi. Kisha akauliza polepole, "Na neno 'bibi', kitabuni mwako limo?"

Tunu akafikiri, huku akiikunja kanga pembe kwa pembe.

"Lilikuwemo. Ila tangu masika sijaliona tena."