Pini Mdomoni

Simu ilikuwa imeshaanza kulia ndipo mama mkwe akaamua kuzitoa pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pamba kando ya cherehani. Saba. Nane. Haraka hakuwa nayo kabisa.

"Mama, itakatika," Ticha alisema.

"Ikikatika watapiga tena. Wenye shida si ndio wao?"

Wenye shida hawakuwa wao, na wote wawili walilijua hilo. Ticha alikuwa ameomba kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja alijibiwa neno lile lile: uzoefu. Cheti cha masomo ya jioni alikuwa nacho. Darasa la kusimama mbele yake hakuwahi kuwa nalo. Shule hii ya kumi na mbili, iliyo mbali safari ya ndege mbili, ndiyo pekee iliyouliza swali jingine: Taja mtu mmoja uliyemfundisha kwa mwaka mzima. Tutampigia.

Mtu mmoja. Kwa miaka miwili, kila akirudi kutoka darasani, Ticha alivuta kigoda kando ya cherehani, mtoto kamlalia mapajani, akarudia somo zima kwa sauti ili lisimtoke. "Haya, mama, sema baada yangu." Mama mkwe hakusema baada ya mtu. Mdomo ulikuwa umejaa pini. Aliguna tu, akakanyaga cherehani.

Basi huyo ndiye aliyemwandika kwenye fomu. Fundi wa nguo, miaka sitini na moja. Na palipoulizwa kama mwanafunzi atahitaji mkalimani, akaweka alama ya ndiyo, uso ukimwaka kwa aibu.

Mumewe, dereva wa lori, alishajitoa kwenye kesi mapema. "Mama akikubali, nami nimekubali," alisema akifunga kamba za viatu. "Ila kile kimya chake kiogope. Kimya kingi kina mshindo."

Na mama hakuwa amekubali. Alisema mtoto wa miaka minne haachwi nyuma kama mwavuli. Alisema hao watu wakipiga, yeye anajua la kuwaambia. Tangu juzi begi la Ticha, lile lililokufa zipu, lilikuwa limetoweka uvunguni, na hakuhitajika mpiga ramli kujua nani kalichukua. Hata daftari lake la masomo halikusalimika: kila mara alikuta vipande vya uzi katikati ya kurasa. Kwa hilo alikuwa akimgombeza bintiye, Chiriku.

Ticha aliipokea simu, akaiweka mezani, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Hamjambo huko," alisema mwanamume. "Mimi ni mkalimani. Mkuu wa shule yuko nasi, anasikiliza. Mama, usiwe na wasiwasi, sema kwa lugha yako, nami nitamfikishia neno kwa neno. Anataka kujua: huyu ni mwalimu mzuri?"

Mama mkwe alikuwa anashona kwa mkono kitu kizito mapajani, kimefunikwa shuka kuukuu. Hakuinua macho. Alisafisha koo.

"Mzuri? Huyo hana huruma," alisema. "Mimi nimeshinda na nguo za watu tangu asubuhi, mgongo unawaka moto, yeye anakuja kunikalia hapa na somo. Nikisinzia, ananiamsha. Nisipoelewa, anarudia. Anarudia mpaka cherehani yenyewe imeshika."

Ticha aligeuka kumtazama. Miaka mitano katika nyumba hii, na hakuwahi kumsikia mama huyu akizungumza hivi.

"Siku moja umeme ulikatika, nikajiambia, leo nimepona. Akafundisha gizani. Akashikwa na homa, sauti ikakauka, akafundisha kwa vidole. Ana mtoto mgongoni, sufuria motoni, na bado ananiuliza jana nilifanya nini na kesho nitafanya nini. Mwalimu gani huyo asiyejua hata kupumzika?"

"Mama," Ticha alinong'ona, machozi yakimlenga. "Mama, tafadhali."

Mama mkwe alimnyooshea sindano: nyamaza.

"Sasa nisikilizeni vizuri. Msimchukue. Ana mtoto mdogo, na huyo mtoto atabaki na mimi, kizee mwenye mgongo mbovu. Mkimchukua, atawachosha watoto wa watu kama alivyonichosha mimi. Nimemaliza."

Upande wa pili mtu alisema jambo kwa sauti ya chini, mwingine akacheka. Chiriku, aliyekuwa chini ya meza na kopo la vifungo, akaacha kuvichezea. Ticha alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kumi na mbili, alijisemea. Kumi na mbili basi, inatosha.

Mkalimani akakohoa.

"Samahani, dada. Mimi hapa sijapata hata neno moja la kutafsiri. Mama kamweleza mkuu yote mwenyewe, kwa Kiingereza. Sasa mkuu anauliza, huyo mwalimu asiye na huruma anaweza kuanza lini?"

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. Akaivuta shuka pembeni, akalisukuma begi mpaka miguuni pa Ticha, zipu yake mpya ikimetameta, kisha akaanza kuzirudisha pini mdomoni, moja moja.