Shuka la Juu Kaburini

Siku ya mashuka hakuna aliyebaki mjini, maana umbea wote ulikuwa kilimani. Kilima hicho kiligombewa miaka nenda miaka rudi na wajukuu wa mke mkubwa na wa mke mdogo wa mcha Mungu aliyezikwa kileleni. Kila mwaka kila nyumba ilifunika kaburi kwa shuka lake, na lililopendeza zaidi likakaa juu. Wenye hilo ndio waliolima na kusali pale.

Safari hii juu lilitandazwa la Kibibi, wa nyumba ya mke mdogo.

"Mwanahija mwenzangu, hilo lako ni shuka au dekio?" Kibibi aliuliza, watu wakaangua kicheko.

Wivu ulimkaba Mwanahija, wa nyumba ya mke mkubwa. Alilivuta shuka la Kibibi kwa hasira, na rundo zima la mashuka ya miaka yote likaporomoka. Likabaki la chini kabisa, kuukuu, limeungwa vipande viwili: huku mishono midogo, kule mikubwa, ikikutana katikati.

"Weka letu, dada, upesi!" ndugu zake walipiga kelele.

Mwanahija aliupapasa ule mshono. Sasa aliwaonea wivu wake wenza wale, bibi zao wawili, waliokaa mkeka mmoja wakashona huku wakirushiana vijembe. Alipoinua macho, Kibibi alikuwa amepiga magoti ng'ambo ya kaburi, kidole chake kikiifuata mishono mikubwa kuja katikati.