Nusu Bei kwa Ajili ya Jina

"Polepole jamani, hizo siyo mbao!" Gaspar aliwafokea wabebaji, akisahau kwamba nusu ya mzigo ilikuwa mbao kweli.

Walikuwa wanane, wanatoa karakanani Keko kompyuta kubwa kuliko friji mbili: mashine sitini zilizounganishwa zifikiri kwa pamoja. Hesabu ya mwezi mzima, hiyo inaimaliza kwa dakika. Gaspar na mwenzake Mahfudha walikesha nayo miaka miwili.

Kilichoinunua ni chuo chenye jina, na kwa ajili ya jina hilo Gaspar kawauzia nusu bei. Mahfudha, mtoto wa wenye maduka, almanusura azimie.

"Sie hapo tunapata nini?"

"Jina. Wengine wakiiona pale watapanga foleni."

Wakapeana mwezi mmoja. Asipotokea mteja, Gaspar atarudi kwenye useremala wa marehemu baba yake, kazi aliyoapa kutoigusa tena. Kaigusa mara moja tu, juzijuzi, maana makasha ya chuma ya kuwekea mashine bei yake haishikiki. Alichukua mbao za mninga za mzee, akaipigia kompyuta kabati lenye milango ya vioo, akachonga na maua pembeni. Basi, akafunga randa.

Siku ya uzinduzi televisheni zikaja. Mkuu wa chuo akafungua vioo, taa za bluu zikawaka, ukumbi mzima ukapiga makofi. Gaspar alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Halafu kimya, wiki tatu na ushee. Chakula kikawa hakimpandi. Mahfudha alimwonea huruma, akaacha hata kumtania.

Siku ya ishirini na nane simu ikaita. Ikaita tena. Video ya uzinduzi ilikuwa imeingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya kina mama na sasa inazunguka mji mzima. Mtu wa Mwenge kaagiza moja, hoteli ya Kigamboni imeagiza nne, na hakuna hata mmoja aliyeomba apunguziwe. Mahfudha anaandika majina huku anacheka mpaka mbavu zinamuuma, anakiri kwamba kashindwa. Gaspar yeye anacheza singeli katikati ya karakana, ndala moja imerukia barabarani. Nani angedhani kina mama wa Dar wanapenda sayansi kiasi hiki!

Simu ya kumi na tano akainyakua mwenyewe, akaweka sauti kubwa. Alikuwa Bi Mwanaheri wa Mbagala. Gaspar akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mie nataka lile lile, la mninga, na maua yake. Ila hayo mataa na madude ya ndani mniondolee, nataka kupanga vyombo."