Msemo wa Raya

Siku hizi msemo ukikataliwa na Ensaiklopidia ya Taifa hufutika vichwani mwa watu wote, isipokuwa kichwani mwa mhariri aliyeukataa. Mhariri wa misemo alikuwa Mashavu, na siku moja aliletewa msemo wa mdogo wake, Raya: "Sijapoa bado!"

Raya aliuza chipsi. Aliwajibu hivyo wateja waliomjulia hali, na sasa mji mzima ulijibu hivyo. Hata mama yao, mgonjwa wa kitandani, alijibu hivyo kila asubuhi huku akicheka. Mashavu ndiye aliyemwogesha na kumlisha, lakini hakuna neno lake lililowahi kumchekesha mama.

"Huu unastahili kuingia," msaidizi wake wa ofisini alimwambia Mashavu.

"Ni wa kupita tu," alijibu, akaukataa. Roho yake ikatulia.

Kesho yake alimpelekea mama uji.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

Mama akatabasamu, akafungua kinywa, kisha akabaki anatafuta neno. Tabasamu likamtoka.

"Naumwa, mwanangu."

Mashavu akainama, akamnong'oneza, "Sijapoa bado."

"Hujapoa nini?" mama aliuliza, akageukia ukutani.