Mbwa Aliyenyamazishwa

Beberu, aliyependa sana nyumba yake isifiwe kwa adabu, alichukua mtoto wa mbwa amlindie boma. Mbwa yule alikua upesi akawa mkubwa kama ndama, na kila aliyesogelea bakuli lake alimngurumia.

Beberu aliona aibu. Kila mbwa aliponguruma, alimpiga pembe mbavuni. Mwishowe mbwa akanyamaza, na Beberu akawaita majirani waje wamtazame.

"Na wivu wa bakuli umemwisha?" aliuliza Punda, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu.

"Mzee mwenzangu, kwani wewe unasikia ngurumo yoyote hapa?"

Wakiwa bado wanazungumza, mtoto wa Beberu alipita karibu na bakuli. Mbwa hakutoa sauti. Alimrukia, akamrarua sikio.

"Hata hakumwonya," alisema Beberu, akimlamba mwanawe damu.

"Angemwonyaje?" alijibu Punda. "Onyo ndilo ulilokuwa ukimpigia."

Tangu siku ile Beberu hakumpiga mbwa tena. Wakati wa chakula alimweka mtoto mbali, akawa anamrushia mbwa kipande kitamu na kuondoka zake, ili ajue kwamba anayekuja haji kumnyang'anya. Kazi hiyo ilikula masika yote.

Asubuhi moja mtoto alijisahau, akasogea. Mbwa akanguruma kidogo, na mtoto akarudi nyuma na sikio lake lililobaki zima.

Beberu akainamisha pembe zake mbele ya mbwa.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia. "Tumesikia."