Mdomo wa Yeshimebet

Yeshimebet alipozinduka baada ya upasuaji, kwanza alipeleka mkono shavuni. Bandeji ilikuwa chini ya sikio, pale ulipokaa uvimbe wa tezi ya mate miaka yote, ukioshwa kwa maji ya baraka huku ukizidi kukua hadi ukawa kama limau. Sindano ya kupima ilikwisha kuonyesha kwamba si saratani. Lakini mshipa wa fahamu unaouendesha uso ulipita katikati ya tezi hiyo, na daktari hakumficha: ukijeruhiwa, nusu ya uso hulala.

"Mama, pandisha nyusi," akasema daktari. Zikapanda. "Fumba macho, kaza." Akafumba.

"Sasa nipigie mluzi."

Akamtazama kama aliyetukanwa. "Mluzi? Kwani kwenu wanawake wanapiga mluzi?"

"Nataka kuuona mdomo tu, mama yangu."

"Mimi, binti wa kasisi, niite nyoka wodini? Sipigi."

"Piga bwana," dada yake akasema, ameshikilia chuma cha kitanda. "Mwenzio roho iko mkononi."

Yeshimebet akavuta pumzi. Midomo ikajiviringa, ulimi ukacheza huku na huku, na kigelegele kikapasua wodi nzima ya hospitali ya Gondar. Daktari akainama karibu, akazikodolea macho pembe mbili za mdomo ule. Zilikuwa sawasawa.

"Rudia, mama," akasema.

Safari hii wanawake wa vitanda vyote waliitikia.